Mwalimu, kopi yako ya Gendarme haijaharibika

*Swali: "Mimi ni mwalimu wa Kifaransa sekondari moja hapa Tanga, nina klabu ya Kifaransa ya kidato cha tatu na cha nne, wanafunzi kama thelathini. Mwezi uliopita niliwawekea Le Gendarme de Saint-Tropez ya Louis de Funès, nilipewa kwenye flashi na rafiki. Ikaanza nyeusi na nyeupe nikajua kopi mbovu, nikaruka mpaka penye rangi. Wakaniuliza hawa ni polisi au wanajeshi, nikawaambia ni trafiki, lakini sina uhakika. Kwa yule sista anayeendesha gari walicheka hadi machozi, ila nusu ya darasa walisema huyu jamaa ni wa ovyo tu, anafoka na kukunja sura, na mimi nikashindwa kuwaeleza Wafaransa wanampendea nini. Afu mzazi mmoja kasikia kuna watu uchi ufukweni, kaenda juu kwa mkuu wa shule, na mkuu ananiuliza kama hii filamu haifundishi watoto kudharau polisi. Niendelee au niache? Na nikiendelea nifuate ipi, na nitafute yenye sauti ya Kiswahili au maandishi chini?"*

Habari mwalimu, pole sana na hongera pia, maana kuweka darasa zima mbele ya filamu ya mwaka 1964 na wakakaa mpaka mwisho si kazi ndogo. Nimesoma swali lako mara mbili, na kinachokusumbua kweli naona si flashi wala maandishi, ni kwamba uliwapa watoto kitu unachokipenda wewe, wakakuuliza kizuri chake nini ukakosa jibu, na kabla hujakaa sawa mkuu naye akakuuliza ubaya wake. Nitajaribu kukupa la kuwajibu wote wawili. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kutafsiri filamu za Kifaransa kwa sauti ya Kiswahili, na hizi za gendarme nimezirudia kuliko nyingine zote.

Tuanze na jepesi, kopi yako ni nzima kabisa. Jean Girault, aliyeiongoza, alifanya makusudi, sehemu ya mwanzo Cruchot, yule anayechezwa na de Funès, yuko kwenye kijiji cha milimani ambako yeye ndiye sheria, mkali, kila mtu anamjua, na hapo picha haina rangi, halafu anapandishwa cheo na kuhamishiwa Saint-Tropez na binti yake Nicole na ndipo rangi zinamwagika, bahari, nguo za watalii, magari, yati za kifahari bandarini. Sasa wewe uliporuka ile sehemu uliwaruhusu watoto waingie Saint-Tropez kama watalii wakati walitakiwa waingie kama Cruchot mwenyewe, mtu aliyetoka pagumu pa nidhamu akatupwa mahali ambapo hakuna anayemwogopa. Nusu ya malalamiko ya darasa lako nadhani yalianzia hapo, mtu anayefoka ukimkuta katikati ya safari hujui amebeba nini. Safari ijayo usiruke hata dakika moja.

La polisi au mwanajeshi, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo kicheko chote kimefungwa. Ulipowaambia trafiki hukukosea sana, kusimamisha magari nako wanafanya, lakini si jibu. Ufaransa ina vyombo viwili vikubwa vya ulinzi wa raia. Kuna Police nationale, hao ni wa miji mikubwa, na kuna Gendarmerie nationale, hao ni wa vijijini na miji midogo, na Saint-Tropez pamoja na umaarufu wake wote ni mji mdogo, ndo maana ulinzi ni wa gendarme. Gendarme anafanya kazi za polisi, anapokea malalamiko, anakamata mwizi, anaandika faini, ila kisheria ni mwanajeshi. Mpaka leo. Mwaka 2009 shughuli zao zilipelekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani lakini hadhi ya kijeshi haikuondolewa. Anapewa nyumba ya kazini, akihamishwa anahama na familia, na ndivyo Nicole alivyojikuta Saint-Tropez bila mtu kumuuliza anataka au hataki.

Huyu sasa ni mtu wa vyeo, na wewe mwalimu wa Kifaransa una zawadi hapa ambayo hukuitumia. Waambie wanafunzi wasikilize watu wanaitanaje. Cruchot cheo chake ni maréchal des logis-chef, kwa makadirio yetu msogeze karibu na sajenti. Juu yake yupo adjudant Gerber, mkuu wa kituo, na chini yake wapo Fougasse, Merlot, Tricard na Berlicot. Hao wa chini wanamwita Cruchot "chef". Cruchot anamwita Gerber "mon adjudant". Ile "mon" si "yangu" ya kawaida ya kitabuni, ni ya jeshini, inatangulia cheo kuanzia adjudant kwenda juu, na Cruchot hajaifikia, yeye ni "chef" tu. Yaani kati yake na heshima anayoililia usiku na mchana kuna neno moja la silabi moja. Kwetu kila aliyemzidi mwenzake cheo anaitwa afande, hiyo ngazi inafunikwa, kwao inasikika kila mtu akifungua mdomo. Mimi nilipoanza kutafsiri niliweka "afande" kila mahali, kwa Gerber afande, kwa Cruchot afande, nikashangaa utani umekufa, nikarudi nikamwachia Gerber peke yake "afande" na Cruchot nikampa "bosi", filamu ikafufuka.

Kidogo tu kuhusu hilo neno gendarme lenyewe, maana kuna siku utakuwa na mwanafunzi au rafiki wa Lubumbashi. Kule jandarme si neno la kuchekesha kwa wazee. Katanga ilipojitenga Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe jeshi lake liliitwa jandarmeri, na baadaye Zaire ya Mobutu nayo ikawa na jandarmeri yake. Rwanda na Burundi nao walikuwa nayo kabla ya polisi zao za sasa, ya Rwanda iliundwa mwaka 2000. Kwa hiyo neno moja hilohilo mtu wa Tanga anasikia mzee mfupi anayekimbia ufukweni na mtu wa Lubumbashi anasikia buti, na zote ni sahihi, ni vizuri mwalimu ujue kabla hujacheka nalo mbele ya watu.

Sasa tuje kwa huyo jamaa wa ovyo.

Wanafunzi wako waliosema anafoka na kukunja sura wameona vizuri, ila wameona nusu. Rudia tukio lolote la Cruchot na Gerber wakiwa na vijana wao, halafu usimwangalie usoni, mwangalie mgongo. Louis de Funès alikuwa mfupi, mita 1.64, na Michel Galabru anayecheza Gerber ni mpana, ana sauti ya kujaa chumba. Gerber akimfokea, mgongo wa Cruchot unapinda kidogo, shingo inaingia mabegani, meno yote yanatoka nje, kila sentensi inaishia mon adjudant, mon adjudant. Gerber akigeuka tu kuondoka, lile tabasamu linabaki kwa sekunde moja bila mwenyewe, halafu linaanguka. Na kabla halijafika chini Cruchot ameshazunguka kwa Fougasse, na mgongo ule uliokuwa umenywea unanyooka, kidevu juu, kidole hewani, mtu amerefuka, na yale maneno aliyotupiwa anayatoa yaleyale kwa mwingine, kama moto unaotoka mkononi haraka usimuunguze. Kupanda na kushuka huko kunachukua sekunde tatu nne. Hicho ndicho Wafaransa wanachokicheka. Wanamcheka mtu aliyebanwa katikati, anayejipendekeza juu na kuwakanyaga walio chini, na mwili wake hauwezi kuficha. Kiswahili cha mtaani tunaye, tunamwita mnoko. Darasa lako zima lina mnoko mmoja unayemjua, na nina hakika ofisi ya walimu pia ipo naye. Waulize tu, nani amewahi kumwona mtu akiongea na bosi kwenye simu kwa sauti ya asali na akikata simu anamgeukia kijana wa chai kwa sauti nyingine? Mikono itapanda yote thelathini.

Na usikubali mtu akuambie ni kukunja sura tu kwa kubahatisha. De Funès alizaliwa 1914 Courbevoie, jirani na Paris, wazazi Wahispania, na kabla ya filamu alikuwa mpiga piano kwenye mabaa ya Pigalle, usiku kucha. Mpiga piano wa baa anajifunza kitu ambacho chuo hakifundishi, kujua lini chumba kinataka kasi na lini kinataka kimya. Mwangalie tena ukilijua hilo, zile sura zinakuja kwa mapigo, mbili fupi, kimya, moja ndefu. Aliingia kwenye filamu baada tu ya vita, akakaa karibu miaka ishirini akipewa vipande vidogovidogo, mhudumu, mpita njia, karani, filamu kwa makumi, na Gendarme ilipotoka Septemba 1964 alikuwa ameshatimiza miaka hamsini. Hamsini, mwalimu! Watu wengine wanahesabu pensheni. Girault alikuwa ameshamwona thamani yake kwenye Pouic-Pouic mwaka mmoja kabla, ndo akampa nafasi kuu kwenye filamu hii, na ikauza Ufaransa tiketi zaidi ya milioni 7.8, ya kwanza kwa filamu za mwaka ule. Mimi kwa mara ya kwanza nilimwona kwenye kanda ya VHS iliyochoka, sijui hata neno la Kifaransa, nikaelewa kila kitu, na nadhani ndicho kilichonipeleka kuisoma hiyo lugha.

Kama unataka ushahidi kwamba mada ni cheo na si makelele, angalia zile zilizofuata, zipo sita jumla na zote zinarudi hapohapo. Ya tatu, Le Gendarme se marie ya 1968, Cruchot anafanya mtihani wa kupanda cheo, matokeo yanatoka kwamba yeye sasa ndiye mkuu wa Gerber, na kila kitu kinageuka, mkubwa anakuwa mdogo, mpaka inagundulika ni makosa ya matokeo na kila mmoja anarudishwa pake. Ya nne, Le Gendarme en balade ya 1970, wanastaafishwa wote kwa lazima kupisha vijana, Cruchot anaishi kwenye kasri la mke wake Josépha, ana mali, ana wahudumu, na anakufa kwa kukosa sare. Mwenzao Fougasse anapoteza kumbukumbu, nao wanavaa sare upya, kinyume cha sheria, wazunguke naye apate kukumbuka. Hiyo ya nne mimi inanigusa kuliko zote, nimewaona wastaafu wa kwetu wanaopiga pasi gwanda la zamani kila Jumamosi na hawana pa kulivaa.

Sasa ufukwe na watu uchi. Saint-Tropez ilikuwa kijiji cha wavuvi kwenye mkoa wa Var, mchoraji Paul Signac alihamia pale miaka ya 1890 akavutia wachoraji wenzake, lakini kilichoipindua ni filamu ya Brigitte Bardot ya 1956, baada ya hapo matajiri na wapiga picha hawakukoma. Mwaka huohuo 1964 mbunifu wa mavazi wa Marekani Rudi Gernreich alitoa vazi la kuogelea la wanawake lisilo na sehemu ya juu na mabishano ya nani avae nini ufukweni yalikuwa moto Ufaransa yenyewe. Kukaa uchi hadharani lilikuwa kosa la jinai pale, gendarme wakiwafukuza wale watu wanafanya kazi waliyotumwa. Kwa hiyo yule mzazi anaposema filamu inasifia uchi, hapana, Cruchot yuko upande wa huyo mzazi! Yeye ndiye analiona kosa na halali usingizi. Kinachochekesha ni kwamba wale watu wana mlinzi anayewapa ishara na kila gendarme wakifika wanakuta watu wamevaa, wametulia, hakuna kesi, mpaka Cruchot anaamua kulipanga kama vita, na mazoezi kabisa na vijana wake. Na watoto wa Tanga au wa Nungwi au Diani wala hawahitaji maelezo marefu hapo, kijiji cha pwani kilichopokea wageni wenye mavazi yao na wenyeji wenye adabu zao wanakijua kwa macho.

Lakini pia sitakudanganya. Miili inaonekana, kwa mbali na kwa migongo, na kwa mzazi ambaye hakuambiwa kabla hilo si dogo. Kosa hapa halikuwa filamu na wala si mzazi, ni kwamba hakuna aliyemwambia. Ile sehemu unaweza kuiruka bila hasara kubwa, ndiyo moja tu naruhusu kuruka, ukaisimulia kwa mdomo, tena kwa Kifaransa, iwe zoezi.

Kwa mkuu wa shule, swali lake la kudharau polisi ni la haki na usilijibu kwa kujitetea. Inasimuliwa kwamba mwandishi Richard Balducci alipata wazo baada ya kuibiwa kamera Saint-Tropez akaenda kituoni kushtaki, sasa fikiria, mtu aliyeibiwa akaenda kwa askari angeweza kuandika filamu ya chuki, akaandika hii ambayo hakuna gendarme hata mmoja mla rushwa, hakuna anayempiga raia, wana wivu, wavivu kidogo, waoga wa mkubwa, na bado kazi inafanyika. Na kile kituo chenyewe cha kwenye filamu, jengo la gendarmerie la Saint-Tropez, gendarme walipohama limegeuzwa makumbusho ya Gendarmerie na Sinema, yalifunguliwa 2016. Chombo kilichodharauliwa hakipewi makumbusho pamoja na aliyekidharau. Mwambie mkuu hivyo, kwa heshima.

Ila kama anataka kitu cha kuwa na wasiwasi nacho kweli, mpe cha Nicole, mimi kama mzazi ningeanzia hapo. Binti amefika mji wa matajiri, anaona aibu kuwa mtoto wa gendarme, anawadanganya marafiki kwamba baba yake ni bilionea mwenye yati bandarini. Uongo unazaa uongo, anaingia na kijana kwenye Ford Mustang nyekundu isiyo yao, inaishia mtaroni, na ndani ya buti ya gari kuna mchoro wa Rembrandt ulioibwa. Na baba, mtu wa sheria, aliyekesha akiwinda watu kwa kosa la kuvua nguo, anajikuta analificha kosa la wizi wa gari kwa sababu mtuhumiwa ni mwanae. Hilo ndilo swali la mjadala la kidato cha nne. Ungekuwa wewe Cruchot ungefanyaje? Ungekuwa Nicole, kwa nini uone aibu? Mtoto wa dereva wa daladala anayesoma na watoto wa wenye magari atakujibu vizuri kuliko mimi na wewe.

Ipi ifuate. Ya pili, Le Gendarme à New York ya 1965, wanapanda meli kwenda mkutano wa jandarmeri za dunia na Nicole anajificha melini, ni salama kwa shule na ina faida kwamba gendarme wenyewe wanahangaika na lugha ya watu, watoto wanaojifunza lugha watajiona. Ya tatu na ya nne nimeshazisema, nzuri, Claude Gensac anaingia hapo kama Josépha na anamweza Cruchot kabisa. Ya tano ya 1979, na viumbe wa anga za juu wanaojigeuza watu ila ukiwagonga wanalia kama debe tupu na wanakunywa mafuta, kidato cha kwanza wataipenda sana, mimi naiona nyepesi. De Funès alikuwa ameshapata mshtuko wa moyo mwaka 1975 na unaona anavyopunguza mwendo, halafu Fougasse na Merlot hawapo tena. Ya sita, Le Gendarme et les Gendarmettes ya 1982, hiyo usiwawekee. Girault alifariki wakati inapigwa, msaidizi wake Tony Aboyantz akaimalizia, na de Funès mwenyewe akafariki Januari 1983, kwa hiyo ni filamu ya kuaga na ninaiheshimu kwa hilo, lakini wale askari wa kike wanne wanatazamwa zaidi ya wanavyosikilizwa, na mmoja wao ni msichana Mweusi aliyepewa jina Yo Macumba, jina ambalo ukilisikia tu unajua waliolitunga hawakumuuliza Mwafrika yeyote. Kama mmefika mbali na darasa limekomaa, hilo nalo ni somo. Vinginevyo iache.

Sauti ya Kiswahili au maandishi, na hapa naongea dhidi ya biashara yangu mwenyewe. Ma-DJ wetu wa kutafsiri filamu ni hodari, na kwa mabishano na mapigano wanaongeza utamu, ila kwa de Funès sauti ya juu inafunika kitu muhimu, ile minong'ono, miguno, "oh" ndogo anayoimeza akiona mkubwa anakuja. Ukiweka mtu anaongea juu yake umeua nusu yake. Lakini anaongea haraka mno, mwanafunzi wa kidato cha tatu hatamfuata kwa sikio, kwa hiyo kwa klabu yako tafuta yenye maandishi ya Kifaransa chini, Kifaransa kwa Kifaransa, usimamishe mara kwa mara uwafafanulie kwa Kiswahili wewe mwenyewe. Kwa ukumbi wa mtaani na bibi yako ningekwambia kinyume, weka sauti ya Kiswahili watu wacheke. Inategemea mmekaa hapo kufanya nini.

Kuna mambo siwezi kukumalizia kwa maandishi. La mzazi, mfuate, usimtumie barua wala meseji, kaa naye na mkuu wa shule mezani, mwonyeshe hiyo sehemu yenyewe kwenye laptop aione kwa macho yake, na akibaki na msimamo wake basi mwanae apewe kazi nyingine siku hiyo bila kusemwa mbele ya wenzake. La flashi, filamu hizi bado zina wenyewe, kuonyesha darasa zima si sawa na kuangalia sebuleni, kwa hiyo nenda ana kwa ana Alliance Française, ipo Dar, ipo Arusha, na Mombasa ukivuka mpaka, uwaeleze una klabu ya shule na unataka kuonyesha nini, wao ndio wanajua ruhusa inapatikanaje na unaweza kuondoka na kopi safi yenye maandishi. Na kama kuna mwanafunzi kwa ile mada ya Nicole ameanza kusema mambo mazito ya nyumbani kwake, usiyabebe peke yako, mpeleke kwa mwalimu wa malezi.

Kipindi kijacho anza hivi. Weka lile tukio la sista Clotilde na Citroën 2CV yake, wanalijua na walilicheka, ila safari hii zima sauti. Sista yuko kwenye usukani, kona za milimani, yeye ametulia anatabasamu, na pembeni yake Cruchot, mtu mwenye mamlaka ya kumsimamisha dereva yeyote wa mji ule, amekuwa mdogo kwenye kiti na sare yake yote. Waulize swali moja tu, hapa ndani ya hili gari nani ana cheo? Waache wabishane kwa Kifaransa watakachoweza, kibovu kibovu hivyohivyo, usiwasahihishe mpaka wamalize. Afu washa sauti, urudi mwanzo kabisa wa filamu, kwenye ile nyeusi na nyeupe.